Namna ya kudizaini bustani ya kandokando ya mto mjini ambayo masika haitaibeba

Michoro mingi ya bustani za mito inaanza na mabenchi. Unafungua faili unakuta kijani kimemwagwa kila mahali, kuna wazungu wawili wanakimbia jogingi (zile picha za watu za kudaunlodi, hakuna aliyekumbuka kuzibadilisha), kuna taa, kuna sanamu, alafu mto wenyewe ni kamstari ka bluu kamelala katikati hakana habari na mtu. Ukiuliza maji yakijaa yanafika wapi, kimya. Sasa nitaeleza kazi hii inavyotakiwa iende, na mfano nitakaoutumia sana ni bonde la Msimbazi hapa Dar, kwanza wengi tunalijua, pili ukiweza kudizaini pale Jangwani sijui mto gani wa mjini tena utakushinda.

Kwa asiyelijua: Msimbazi unaanzia huko milima ya Pugu, Kisarawe, unashuka kilometa kama 35, unapita Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo, unapokea mito midogo kama Luhanga, Ubungo na Sinza, unafika Jangwani ambako ni tambarare, alafu unaingia baharini pale Daraja la Salenda. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar, na wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Aprili 2018 maji yakaja tena. Barabara ya Morogoro kufungwa pale Jangwani mvua ikinyesha imekua kitu cha kawaida kabisa, mtu wa Magomeni akiamka akaona mawingu anajua leo kwenda mjini ni kuzunguka. Mwaka huohuo wa 2018 serikali, wataalam na wakazi walikaa vikao vya miezi kadhaa kupanga bonde zima lifanywe nini, na 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200. Wazo lenyewe kwa ufupi ni kwamba bonde lichimbwe mto upate nafasi, udongo unaotoka ukanyanyue maeneo ya pembeni ili pajengwe, daraja la Jangwani lijengwe upya, na katikati ibaki bustani kubwa ya mji ambayo INARUHUSIWA kufurika.

Hapo kwenye kuruhusiwa kufurika ndo kwenye dizaini yote. Bustani ya mto ni mahali pa maji, watu wanapaazima miezi ambayo maji hayapo.

Kwaiyo anza na maji. Chukua ramani yenye kontua (mistari inayoonyesha kimo cha ardhi) za karibu, nusu mita hadi nusu mita ikiwezekana, maana Jangwani ukitumia kontua za mita 5 bonde zima litaonekana kama uwanja tu, hamna utakachokisoma. Data za mvua zipo TMA (mamlaka ya hali ya hewa), na Msimbazi uko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, waende waulizwe. Ila usiishie ofisini. Shuka mtaani na rula na chaki, tafuta kuta. Nyumba za bondeni zina alama, kuna ule mstari wa tope uliokauka ukutani, hapo chini rangi imebabuka na plasta imevimba, juu ya mstari ukuta uko sawa, na wakati mwingine mistari ni miwili au mitatu kwenye ukuta mmoja. Muulize mama mwenye nyumba, "mama, huu ni wa lini?" atakwambia huu wa juu ni wa mwaka ule tulipanda juu ya bati, huu wa chini ni wa juzijuzi tu. Mpimaji achukue levo (kimo) ya kila mstari, piga picha, andika tarehe aliyotaja. Ukipata kuta thelathini za namna hiyo kuanzia Kigogo mpaka Hananasif una ramani ya mafuriko ambayo kompyuta itakusaidia kuikagua, ila haikuwa na uwezo wa kukupa yenyewe.

Hapa nisimame kidogo kwa watu wanaosema "tumedizaini kwa mafuriko ya miaka 100 kwaiyo hatutayaona sisi". Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 yakaja, mwaka huu na mwakani pia hata kama yamekuja jana. Ukijumlisha kwa miaka 30 ya umri wa bustani inafika kama asilimia 26, yaani robo na ushee, na hesabu yenyewe inategemea mvua za zamani wakati mji wa juu unazidi kumwagwa zege na maji yanashuka kwa haraka kuliko zamani.

Kitu kingine cha Dar ambacho vitabu vya kutoka nchi zisizo na bahari havikwambii ni bamvu, yaani siku ambazo bahari inajaa kuliko kawaida. Mvua kubwa ikikutana na maji ya bamvu yamejaa kule Salenda, mto unakosa pa kutokea, maji yanarudi nyuma. Angalia jedwali la maji kupwa na kujaa, alafu chora levo ya mto kwa hali zote mbili, mvua na bamvu, mvua na maji mafu (siku bahari inajaa kidogo tu). Tofauti utaiona wazi sehemu za chini za bonde.

Ukishapata levo zako gawa eneo kwenye kanda tatu. Ya chini ni ile inayolowa kila mvua kubwa, ya kati inalowa mara moja kwa miaka kadhaa, ya juu inalowa kwa nadra sana. Alafu ndo unaanza kupanga vitu, na kanuni ni rahisi, jiulize kitu hiki kikilala chini ya maji ya tope siku mbili kitakuaje. Uwanja wa mpira wa vumbi? Utakwanguliwa, wiki ijayo vijana wanacheza, kwaiyo viwanja vya Jangwani vibaki kanda ya kati na wala usiwawekee nyasi za bandia zikibebwa ni hasara juu ya hasara. Ngazi pana za zege ambazo watu wanakaa, sawa, zinaoshwa. Choo, mashimo ya maji taka, stoo, swichi za umeme, ofisi ya walinzi, vibanda vyenye friji, vyote kanda ya juu, bila mjadala. Taa za kanda ya kati ziwe na maungio ya waya juu ya levo ya maji na saketi yake iweze kuzimwa peke yake.

Na vyuma jamani. Bongo hii kila kitu cha chuma kinachofunguka kitaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mfuniko wa chemba, benchi la chuma, hata waya wa gabioni (yale makasha ya waya yanayojazwa mawe) unakatwa. Mabenchi yawe ya zege yaliyomwagiwa palepale na msingi wake, kimo cha kukalia sentimita 45 hivi, mgongo uelekee kwenye tuta na uso mtoni ili anayekaa aone maji yakipanda. Benchi zito pia halielei, maana la mbao likinyanyuliwa na maji linaenda kuziba kalavati chini huko.

Sasa mto wenyewe. Tabia yetu ni kuunyoosha na kuuvalisha zege pande zote mbili, maji yakimbie. Yanakimbia kweli, yanaenda kumfurikia wa chini yako kwa kasi zaidi. Watu wa Singapore walikua na mtaro wa zege wa namna hiyo pale Bishan-Ang Mo Kio, mto Kallang, kilometa 2.7 umenyooka kabisa. Wakauvunja, wakaurudisha kuwa mto wa kupinda kama kilometa 3 hivi ndani ya bustani ya hekta 62, wakafungua 2012. Mvua isiponyesha ni kijito watoto wanachezea, ikinyesha maji yanapanuka mpaka karibu mita 100 kwenye majani, na yanapita mengi kuliko ule mtaro wa zamani. Mazege waliyovunja hawakuyatupa, mengine yakawa kilima cha bustani. Ila ninachokipenda zaidi pale ni kwamba kabla ya kugusa mto walitenga kipande cha mtaro cha mita 60 wakajaribu njia kumi tofauti za kushika kingo kwa mimea, mawe, na magogo, waone ipi inakaa na ipi inaondoka. Hilo hata sisi tunaweza, haliitaji pesa ya Singapore. Tenga mita hamsini za kingo, jaribu aina nne tano, subiri masika ipite, alafu ndo utoe tenda ya kilometa nzima.

Kwenye kingo zenyewe cheza na mteremko. Moja kwa tatu (kila ukishuka mita 1 uwe umeenda mita 3 pembeni) majani yanashika vizuri, mtu anashuka bila kuteleza na mashine ya kukatia majani inapita. Kali zaidi ya moja kwa mbili usitegemee majani peke yake. Alafu angalia mpindo, upande wa nje wa kona ndo maji yanapiga na kula udongo, upande wa ndani yanaacha mchanga. Gabioni ziweke kwenye mguu wa upande wa nje tu, zichimbiwe chini kuliko levo ambayo mto unaweza kuchimba, na nyuma yake kitambaa cha kuchuja udongo usichomoke kupitia kwenye mawe. Upande wa ndani acha mchanga, ndo pwani yako ya watoto hiyo. Nimeona makisio ya gharama ambayo gabioni zimewekwa pande zote mwanzo mwisho, hiyo ni kumfurahisha muuza mawe.

Mchanga na taka. Hii mada watu wa dizaini hawaipendi kwa sababu haiko kwenye picha, lakini kama kuna kitu kimoja kitaamua bustani yako iishi au ife ni hiki. Msimbazi unabeba udongo mwingi kutoka juu ambako miti imeondoka na watu wanachimba mchanga kwenye kingo, ukifika Jangwani kwenye tambarare unapunguza mwendo, unautua. Kitanda cha mto kinapanda kila mwaka, nafasi chini ya daraja inapungua, na maji yaleyale ya mwaka jana mwaka huu yanapita juu ya barabara. Kwaiyo kwenye mchoro wako lazima iwepo sehemu maalum juu ya bustani, pana na yenye kina, ya mto kutua mchanga wake, na iwepo barabara ya eskaveta na lori kuifikia bila kukanyaga maua yako. Upana wa mita 4, tabaka la kifusi kilichoshindiliwa, pa kugeuzia lori. Kama hamna hiyo njia, baada ya miaka michache mtavunja bustani wenyewe ili mashine ipite.

Na mchanga wenyewe ni mali. Badala ya kuwafukuza vijana wanaochimba (watarudi usiku) wape pale kwenye kituo cha kutulia, kwa kibali, kwa vipimo, wachimbe pale tu na sio kwenye kingo. Najua kuna watakaopinga, wanasema ukiwaruhusu kidogo wanachukua chote, hoja yao ina uzito, lakini mto unaojaa mchanga unahitaji mtu wa kuutoa na hao tayari wana makoleo.

Taka vilevile. Weka kizuizi cha kukamata chupa na mifuko pale kila mtaro mkubwa unapoingia mtoni, sio kimoja tu chini mwisho, na kizuizi kiwe cha kufunguka au cha kuelea, kisije kikageuka bwawa siku ya mvua. Kando yake sakafu ya zege ya kuanikia taka zivuje maji kabla ya kupakiwa. Asiyepanga hapo pa kuanikia, taka zinaopolewa, zinarundikwa kingoni, mvua inazirudisha.

Kuhusu uchafu wa maji, tuwe wakweli. Vidimbwi vya matete na mafunjo mwisho wa mitaro vinasaidia kutulisha tope na kupunguza kinyesi, lakini havitasafisha maji ya viwandani wala ya machinjio, hiyo ni kazi ya kufunga bomba huko yanakotoka, NEMC (wa mazingira) na DAWASA (wa majisafi na majitaka) wahusike. Mpaka maji yapimwe yakaonekana salama usichore mahali pa watoto kuogelea, hata kama mteja anapenda. Na kidimbwi chochote kisichokua na mkondo kiwe kinakauka ndani ya siku tatu hivi baada ya mvua, ukiacha maji yamelala wiki na zaidi unafuga mbu.

Mimea sasa, hapa raha. Chini kabisa kwenye kulowa kila mara: matete, mafunjo, na mikindu. Mkindu watu wanausahau wakati ni wetu, unapenda mabondeni, unavumilia mafuriko, na makuti yake machanga yana soko la mikeka, kwaiyo akina mama wanaweza kupewa zamu ya kuvuna na hapohapo wanakua walinzi wa bustani bila mshahara wa halmashauri. Kwenye mteremko weka vetiva (nyasi za kushika udongo), mistari inayofuata kontua, miche sentimita 10 hadi 15 toka mmoja hadi mwingine, ukipanda kwa kuachia achia nafasi udongo unapita katikati. Mizizi yake inashuka chini moja kwa moja mita 3 na zaidi. Ipandwe mwanzo wa vuli ili ifike masika imeshashika, mkandarasi akipanda Machi kwa sababu ndo alilipwa Februari, mmepoteza. Mti wa kivuli kingoni ni mkuyu, hauna mpinzani, mizizi inashika kingo na ndege wanakuja wenyewe. Kanda za juu mikwaju, mikungu, mivumo kama una subira. Karatusi hapana, lusina hapana inazaa hovyo inafunika kila kitu. Kule karibu na Salenda ambako chumvi inafika, ni mikoko, mchu na mkoko wenyewe, iliyopo iachwe maana iko chini ya TFS (wakala wa misitu) na kukata ni kosa, wewe kazi yako ni kuhakikisha hujaizibia njia ya maji.

Vichaka vya katikati visizidi kimo cha goti au paja na matawi ya miti yaanzie juu ya kichwa cha mtu, mita 2 na kitu, ili mtu anayepita saa moja jioni aone mbele. Vibaka na mateja wanapenda bustani yenye vichaka vya kimo cha mtu. Hili waulize wanawake, tembea nao njia nzima jioni waonyeshe wapi hawatapita, wanaume kwenye vikao wanasema kila sehemu iko sawa.

Njia za miguu usizibuni, zipo. Bonde linakatizwa kila siku na watu wa Kigogo, Mchikichini, Magomeni, wanafunzi, wauza mboga, njia za panya zimeshachorwa kwa miguu. Piga picha toka juu, zifuate, kisha zipanue. Njia kuu mita 3 ili baiskeli na kiti cha magurudumu vipishane, mteremko usizidi moja kwa kumi na mbili kwenye ramp, na iwe na mlalo kidogo wa pembeni asilimia 2 maji yasitwame. Pevingi (matofali ya kupanga chini) ziwekwe juu tu, kanda za chini maji yanazing'oa moja moja, huko mwaga zege au acha changarawe ya kujaziwa kila mwaka. Bodaboda watapita utake usitake, nguzo za kuwazuia zinawazuia walemavu kwanza, bora uwape njia yao pembeni na mahali pa kuegesha kwenye kila mlango. Mama ntilie wapewe sehemu rasmi yenye kivuli na maji ya bomba, vibanda vya magurudumu, mvua ikitangazwa wanasukuma juu.

Kutangaza kwenyewe ni sehemu ya dizaini. Jangwani jua linaweza kuwa kali huku Pugu inanyesha, na maji yanakuja kwa watu waliokaa wanapiga stori hawana hata mwavuli. Bishan wana vipima maji, ving'ora, taa na maboya. Sisi angalau king'ora kimoja kinachounganishwa na kipimo cha huko juu, mlinzi mwenye simu, na nguzo zilizopakwa rangi kwenye kila njia ya kushukia, nyekundu ikianza kulowa kila mtu apande. Na kila mita mia iwepo ngazi au njia ya kupandia juu, usimjengee mtu mahali pazuri asipoweza kutoka.

Mtu atauliza mbona sijagusa wanaoishi pale. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka kingo za mto, Kenya wenzetu kanuni zao ni kati ya mita 6 na 30 kutegemea upana wa mto. Ila sheria kuwepo hakumwondolei mtu nyumba aliyoijenga na kuilipia kodi ya jengo miaka ishirini. Fidia na mahali pa kwenda vimalizike kabla ya mstari wa kwanza wa vetiva, na mwenyekiti wa mtaa awe kwenye kikao cha kwanza, sio kile cha kukata utepe. Bustani iliyozungukwa na watu wenye kinyongo haidumu, itatupiwa taka kwa makusudi.

Mambo ya kuiga Seoul, yule mto Cheonggyecheon wa chini ya barabara waliyoibomoa na kufungua 2005, mzuri sana, ila kumbuka maji yake mengi yanasukumwa na pampu kila siku toka mto Han. Hapa kwetu pampu, umeme, na bajeti ya halmashauri tunazijua. Dizaini isiyohitaji kuwashwa ndo dizaini yetu.

Mwisho ni mkataba, na hapa wengi wanalala. Kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, kisihesabiwe kwa miezi 12 ya kalenda, kihesabiwe kwa masika, ziwe mbili, na pesa ya matazamio ishikiliwe mpaka ya pili ipite na kingo zipimwe upya kwa levo. Kwenye BOQ (orodha ya kazi na bei zake) weka kipengele cha kukwangua tope na kuosha njia baada ya kila mafuriko, chenye bei yake kwa mita ya ujazo, maana kisipokuwepo Aprili ikija mkandarasi atasema hayo ni majanga ya asili, halmashauri itasema haikuwa kwenye bajeti, na tope litakauka juu ya njia mpaka lioteshe majani.